UZI: Samaki wa kuachiwa Malindi – ashikwe vipi ili aende akaishi

#1 OmoNaTezi

Assalaam alaykum, wavuvi na mabaharia. Kaskazi imetulia, maji ya buluu yamesogea, na picha za sulisuli zimeanza kumiminika. Nyingi ni zile zile: samaki ametolewa mzima mzima, amelazwa juu ya ukingo wa boti, mgeni amemkumbatia, na chini pameandikwa "tumemwachia". Tuelezane basi huko kumwachia kunafanywaje, maana samaki kuondoka akipiga mkia si dalili kwamba kesho atakuwepo. Baadhi hufa saa kadhaa baadaye, huko chini ambako hakuna wa kuwaona.

Majina kwanza tusije tukagombana mbele. Hapa kwetu kuna wanaowaita wote nduaro na kuna wanaowaita wote sulisuli. Katika uzi huu sulisuli ni mwenye tanga mgongoni, nduaro ni yule mnene asiye na tanga, awe mweusi, wa buluu au wa milia.

Kinachomuua kwanza ni kukosa pumzi. Sulisuli, nduaro, jodari na nguru hawajipigii maji kwenye matamvua wakiwa wametulia kama afanyavyo chewa. Wao hupumua kwa kwenda mbele mdomo wazi. Ukimshika akakaa tuli, hata kichwa kikiwa majini, umemziba. Cha pili ni asidi inayojaa kwenye misuli kwa kupigana muda mrefu, na hiyo haimtoki kwa dakika tano. Kwa hiyo kazi ya kumwachia inaanza pale unapochagua rodi. Sulisuli atoshwa na uzi wa kilo 15, ule unaoandikwa 30, yaani ratili, kwenye rili. Nduaro mkubwa apewe wa kilo 37 au 60. Anayemfuata nduaro na uzi wa kilo 10 apate sifa, akapigana naye saa tatu, huyo anamwachia maiti.

Breki ya rili iwe theluthi ya nguvu ya uzi. Uzi wa kilo 15, breki kilo 5, na ipimwe kwa mizani ya kuning'iniza kabla boti haijatoka, isikisiwe kwa mkono. Breki legevu humpa mteja raha ndefu, gharama yake analipa samaki.

Akifika ubavuni:

Nahodha asitoe gia. Boti iende mbele mwendo wa mtu anayetembea. Baharia avute lida, yaani kipande cha uzi mnene kilicho karibu na ndoana, samaki aje akielekea omo (mbele ya boti), upande ule ambao moshi wa injini hautoki, kwa sababu povu na moshi vikiingia kwenye matamvua ni kama hajapata maji. Avae glavu, mdomo wa sulisuli ni kama msasa. Aushike ule mdomo mrefu kwa mikono miwili, vidole gumba vikitazamana. Kwa mshiko huo samaki akiruka unamsukuma mbali nawe kwa mikono iliyonyooka. Ukishika vyengine, akiruka anakuja usoni.

Ndoana itolewe kichwa kikiwa ndani ya maji. Isipoonekana, kata lida karibu na mdomo uwezavyo, basi. Yote haya yasizidi dakika moja.

Halafu ndio kumzindua. Mshike mdomo, boti iendelee kwenda mbele, maji yaingie kinywani yatokee matamvuani. Wako wanaomsukuma samaki mbele na kumrudisha nyuma kama wanaosuuza nguo. Hapana. Maji yakirudi kinyume yanalaza vile vijinyuzi vya matamvua, na hewa hapati. Mbele tu. Dakika mbili zaweza kutosha, aliyechoka sana hutaka kumi au zaidi. Utaona rangi inarudi, kutoka ule ukahawia wa kufifia hadi buluu inayowaka, jicho linakufuata, kisha mkia unaanza kupiga wenyewe kwa nguvu. Akianza kuuvuta mkono wako, fungua.

Wakati huo nahodha ageuze usukani kuelekea upande ule ule alipo samaki. Tezi, yaani nyuma ya boti, itakimbilia upande wa pili, na panga za injini zitakuwa mbali naye.

#2 DadaWaBoti

Ahsante kaka. Sasa niambie la picha. Mgeni amelipa siku nzima, ametoka kwao Ulaya, halafu umwambie samaki hatoki majini? Bakshishi ya mabaharia inakwenda na picha hiyo.

#3 OmoNaTezi

Dada, picha ipo. Mpiga picha akae pembeni ya tezi kamera imewashwa tayari, samaki abaki majini ubavuni na baharia ameshika mdomo, mgeni ainame juu yake aguse tanga. Tanga likifunguka majini rangi yake ni nzuri kuliko ya samaki aliyekaushwa ukingoni. Sulisuli ana urefu wa mita mbili na zaidi, na uti wake wa mgongo haukuumbwa kuning'inia hewani. Ukimlaza kwenye ukingo, uzito wote unakaa kwenye tumbo na ule ute wake unabaki kwenye rangi ya boti. Ute ndio unaomkinga na vijidudu na ukungu.

Mwambie mgeni haya asubuhi, kabla ya kutoka bandarini. Ukimwambia wakati samaki yuko ubavuni hasikii mtu.

#4 ChuchungeMbichi

Niingie kwenye ndoana, maana hapo ndipo watu wanapopotea. Ndoana ya duara, ile ncha yake imepinda kuelekea shina, hunasa pembeni mwa taya karibu kila mara. Ndoana ya kawaida ya umbo la J yaweza kushuka hadi tumboni au matamvuani. Kwa sulisuli wanaovuliwa kwa chambo cha samaki mfu, watafiti walipolinganisha walikuta ndoana ya J ina uwezekano mara 21 zaidi wa kumtoa samaki damu. Na kule Atlantiki walipowatia nduaro weupe vifaa vya kufuatilia, wa ndoana ya duara waliishi wote, wa ndoana ya J waliishi asilimia 65. Marekani tangu 2008 mashindano ya samaki hawa upande wa Atlantiki yanalazimika kutumia ndoana za duara kwa chambo cha asili.

Lakini inakataa ukiitumia kama J. Malalamiko kwamba "haishiki" yana sababu tatu.

Ya kwanza, chambo kimefunika ncha. Ukirambaza, yaani ukiburuta chambo nyuma ya boti, na chuchunge, usiipitishe ndoana mwilini. Mfunge mdomo, mtie pete ya mpira shingoni, kisha ndoana ipite chini ya pete ikae juu ya kichwa, wazi kabisa. Ndoana ikizikwa kwenye nyama haizunguki, na isipozunguka haifiki kwenye taya. Namba 6/0 hadi 8/0 inatosha kwa sulisuli.

Ya pili, kupiga rodi. Mkono una mazoea, samaki akigusa tu mtu anavuta kwa kishindo. Ndoana ya duara inatoka kinywani tupu. Akigonga, mpe uzi bure, hesabu polepole hadi tano, inua breki taratibu na acha uzi ukazike wenyewe. Rodi ibaki inaelekea kwa samaki.

Ya tatu, ndoana iliyopindwa ubavu. Ilaze mezani: ikilala bapa, nzuri. Ncha ikiinuka kando, ile ni duara kwa jina, itamezwa kama J.

Na tafadhali, tusitumie ndoana za chuma kisichoshika kutu. Mshipi ukikatika, ya chuma cha kawaida huoza ikatoka. Ile nyingine atakaa nayo.

#5 Mpwa_wa_Mayungu

Na zile za miguu mitatu kwenye samaki wa bandia?

#6 ChuchungeMbichi

Zitoe. Weka ndoana moja moja. Ya tumboni ncha ielekee mbele, ya mkiani ncha ielekee juu. Kisha bana chembe, yaani ule mwiba wa nyuma ya ncha, kwa koleo hadi ulale. Ili kujua kama imelala sawa, ichome kwenye shati kuukuu na uivute: ikikwama hata kidogo, bana tena. Ndoana bila chembe haimpotezi samaki mradi mshipi haulegei. Ya miguu mitatu, mguu mmoja ukiwa tayani mwingine huingia jichoni, na wa tatu unamsubiri baharia.

#7 SioMzungu

Mimi nauliza swali la mtu wa kawaida. Samaki wa kilo 30 unamrudisha baharini na huku mtaani watu wanatafuta kitoweo? Kama ni mchezo, mchezeni mpira.

#8 OmoNaTezi

Shekhe, swali lako halina kosa. Hakuna aliyesema kila samaki arudishwe. Nguru, felusi, jodari, hao ni kitoweo na boti nyingi zinarudi nao. Sulisuli huachiwa kwa sababu ndiye anayewaleta watu hawa tangu zamani, Malindi ilishajulikana kwa uvuvi huu miaka ya 1930. Samaki yule yule anaweza kuvuliwa tena, na kila mara nahodha, baharia, muuza chambo na mwenye mafuta wanapata. Ila ukweli ni huu: samaki aliyeachiwa vibaya akafa hakumfaa mtu. Hakuliwa, hakuzaa, hakuvuliwa tena. Aliyepasuka matamvua na damu nyekundu inamwagika, usimrudishe ili upige picha ya huruma. Huyo apelekwe sokoni, kama si wa aina au ukubwa uliokatazwa.

Na kuna samaki wengi wanaorudishwa ambao hawana habari na mchezo. Chewa mdogo, papa mdogo, changu wa kiganja. Mvuvi wa mshipi wa mkono anayewarudisha anahitaji maarifa haya kuliko hata mteja wa boti.

#9 TanguAlfajiri

Nambari kidogo za hewa, kwa wale wanaosema "sekunde chache tu". Utafiti wa Canada uliochapishwa 1992, samaki ni trauti. Waliochoshwa bila kutolewa majini, walikufa asilimia 12. Waliochoshwa kisha wakakaa hewani sekunde 30, asilimia 38. Sekunde 60, asilimia 72. Dakika moja, ile ya kutafuta simu mfukoni.

#10 ChuchungeMbichi

Trauti ni wa mtoni, maji baridi. Hesabu hiyo usiipachike kwa kolekole wa Mayungu.

#11 TanguAlfajiri

Sikupachika. Asilimia zinabadilika kwa aina ya samaki, mwelekeo ndio ule ule: vile vijinyuzi vya matamvua vinashikana vikikosa maji, na kila sekunde inahesabika. Tena kwetu Machi na Aprili maji yanapanda hadi nyuzi 29 au 30. Maji moto yana hewa kidogo na mwili wa samaki unataka nyingi. Mimi ningesema miezi hiyo mfupishe mapambano zaidi, na picha ya nje ya maji isahauliwe.

Kipimo kisichohitaji saa: samaki akitoka majini, zuia pumzi yako. Ukiitaka, naye aliitaka kabla yako.

#12 MwambaWaKolekole

Wa pwani tusisahauliwe. Kolekole mwambani anaumizwa na mambo matatu: mwamba wenyewe, kushikwa taya akaning'inizwa, na mizani.

Usimburute juu ya matumbawe. Chagua mapema, kabla hujatupa, mahali utakapomtolea: kidimbwi au mkondo wenye maji ya magotini. Subiri wimbi limwinue samaki na kumleta, nawe umwongoze tu. Bahari ikiwa imechafuka hata hapo hapashukiki, usitupe, maana utamkata mshipi au utajikata wewe. Na kumbuka mbuga ya bahari ya Malindi hapavuliwi kabisa, iwe kwa kuachia au kwa kula. Imelindwa tangu 1968.

Mikono ilowe kabla ya kumgusa. Si glavu kavu, si taulo, si mchanga wa kiganjani. Kolekole mkononi anashikwa hivi: mkono mmoja kwenye kikonyo cha mkia, mwingine chini ya kifua nyuma ya mapezi ya mbele, alale mlalo. Kikonyoni ana magamba makali kama msumeno ubavuni, kwa hiyo mkono huo uwe na glavu iliyolowa. Vidole visiingie matamvuani hata kidogo. Kumning'iniza kwa taya kunachana viungo vya taya, na samaki asiyeweza kufunga mdomo hali.

Ukitumia wavu wa mkono, uwe wa mpira usio na mafundo. Wenye mafundo ya nailoni unakwangua ute na kupasua mapezi.

Mizani ya ndoana muitupe. Chukua utepe wa fundi cherehani, mpime ndani ya kidimbwi. Urefu ni kutoka ncha ya mdomo hadi panda la mkia. Mzunguko ni mahali alipo mnene kuliko pote. Zidisha urefu kwa mzunguko, zidisha tena kwa mzunguko, gawa kwa 28,900, yote kwa sentimita. Jibu ni kilo. Kolekole wa urefu 110 na mzunguko 85: 110 × 85 × 85 = 794,750. Gawa kwa 28,900 unapata 27.5. Inakaribia mizani, na mkia haujatoka majini.

#13 Mpwa_wa_Mayungu

Hii hesabu naiandika ukutani 😄

#14 BabuWaFungu

Vijana, mmesahau wa chini. Chewa na changu wa mita 30, 40, 60 wakija juu wamevimba, macho yametoka, kitu kama puto kimetokea mdomoni. Wengi hulitoboa lile puto wakidhani wanamsaidia. Lile ni tumbo lake lenyewe limegeuka. Ukilitoboa umemtoboa tumbo. Liacheni, litarudi akishuka.

Sababu ni kibofu cha hewa. Kila mita 10 za maji huongeza kanieneo ya anga moja. Kwenye mita 30 amebanwa na anga nne, akifika juu imebaki moja, hewa ya kibofu inataka kuwa mara nne ya ilivyokuwa. Anaelea tumbo juu, hawezi kuzama, na mwewe wa bahari na papa wanamwona. Nguru hana kibofu, papa hana, hao hawasumbuki na hili.

Dawa ni kumrudisha chini haraka. Chukua ndoana kubwa, bana chembe ilale kabisa. Mshipi ufungwe kwenye kipindo cha ndoana, pale inapopinda, na chubwi, ile risasi ya kuzamishia, ifungwe kwenye tundu la ndoana. Yaani ndoana inaning'inia kichwa chini. Chewa wa kilo 3 atake chubwi ya kilo 1.5 hadi 2. Pitisha ncha kwenye ngozi nyembamba ya taya ya chini, au tundu lile lile la ndoana ya mwanzo, mwachie pamoja na chubwi. Uzito unamvuta chini. Akifika mita 10 hewa imebaki nusu, mita 20 theluthi. Kama kina ni kirefu zaidi mpeleke mpaka chini, tulia kidogo, kisha vuta mshipi kwa mkupuo mmoja: ndoana inatoka, yeye anabaki.

Kutoboa kibofu kwa sindano nyuma ya pezi la mbele kunawezekana, lakini sindano iwe yenye tundu, iingie chini ya gamba kwa mshazari, na anayefanya awe anajua viungo vya ndani viko wapi. Asiyejua atumie chubwi. Mnaokwenda North Kenya Bank, lile fungu la nje baharini, kuvua chini, chubwi hii ikae tayari kabla mshipi wa kwanza haujashuka, kwa sababu baada ya dakika chache juani haina faida.

#15 DadaWaBoti

Babu shikamoo. Hapo kwenye kufunga mshipi kwenye kipindo, hauteleziki?

#16 BabuWaFungu

Marahaba mwanangu. Unateleza. Zungusha uzi mwembamba juu na chini ya fundo, tia gundi tone moja. Au fundi achomee kipete.

#17 TanguAlfajiri

Kuhusu tagi za sulisuli na nduaro, zile alama zenye namba anazochomekwa samaki kabla ya kuachiwa, ambazo kadi zake zinakwenda African Billfish Foundation, shirika la Watamu linalofuatilia samaki hawa. Tagi ipigwe kwenye nyama ya bega, chini ya tanga, juu ya ule mstari wa ubavuni, mbali na kichwa na matamvua. Ikae mshazari, mkia wa tagi ulalie upande wa mkia wa samaki, ili maji yasiikamate. Samaki atulie kwanza ndipo upige. Akirusha rusha, acha, tagi ya tumboni ni mkuki. Urefu unaoandikwa ni kutoka ncha ya taya ya chini hadi panda la mkia, usipime kutoka ncha ya mdomo mrefu, unaweza kuwa umevunjika. Na ukimpata mwenye tagi tayari, namba ndiyo muhimu. Isome mara mbili.

#18 SioMzungu

Haya nimeelewa kidogo. Taa je? Mkunga? Hao ndio wanaonipata mimi kwa mshipi wa mkono.

#19 MwambaWaKolekole

Kata mshipi, ndugu. Taa ana mwiba mkiani, mkunga ana meno. Usimpandishe hata mmoja chomboni. Bunju vilevile asitolewe majini, akijijaza hewa badala ya maji huenda asiweze kuitoa, akaelea mpaka afe.

#20 Mpwa_wa_Mayungu

Swali la mwisho kwa kaka OmoNaTezi. Ile fimbo ya kutolea ndoana wanayotumia boti za kitalii, dukani bei haishikiki. Yatengenezeka?

#21 OmoNaTezi

Yatengenezeka kwa fundi wa kuchomea yeyote. Waya wa chuma kisichoshika kutu, unene milimita 4, urefu sentimita 45. Kwa boti yenye ukingo mrefu ongeza hadi 90. Upande mmoja utie mpini wa mbao au bomba la plastiki. Upande wa pili uzungushe duara moja kama mkia wa nguruwe, upana wa ndani sentimita 2, ncha ipite shina kwa nafasi ya milimita 3 ili mshipi uingie. Ncha ipigwe tupa iwe mviringo, isiwe na makali ya kukata uzi.

Matumizi: kaza lida kwa mkono wa kushoto, ingiza uzi kwenye duara, teremsha fimbo juu ya uzi hadi ifike kwenye kipindo cha ndoana. Hapo shusha mkono wa kushoto uzi ukabane na fimbo, kisha sukuma fimbo chini kuelekea ilikotoka ncha. Uzi ukilegea hata kidogo, duara linaruka kipindo na unaanza upya. Jaribu kwanza nyumbani, ndoana iliyobanwa chembe ndani ya ganda la nazi bichi.